Mpaka Maji Yakusahau

Mwanangu, vuta kigoda usogee, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na habari ninayotaka kukupa haipendi kupigiwa kelele. Jana uliniuliza namna ya kumpata samaki bila nyavu, bila ndoana, bila hata uzi. Ningeweza kukujibu kwa maneno machache, nawe ungeondoka ukidhani umejua. Lakini mimi nilifundishwa jambo hilo nikiwa nimesimama majini asubuhi nzima, na mpaka leo sijaiona njia fupi ya kulifundisha.

Basi nakumbuka siku moja ya kiangazi, mto Miyombo ukiwa umekonda hata mtu aliweza kuuvuka bila kuinua upindo wa khanga yake. Tulikaa kijiji cha Ulaya, si Ulaya ya Wazungu, hiki cha kwetu Kilosa, upande wa chini, karibu na mto. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tulibaki mama, dada yangu Asteria, mimi, na bibi mzaa baba, ambaye nyonga ilimsumbua na ulimi haukumsumbua hata kidogo.

Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kutoka Msowero kumposa Asteria. Kwa mila ya kwetu, mwenye kauli ni mjomba, na mjomba wa yule kijana alikuwa amekwisha kusema, maneno yakatufikia kabla yake, kwamba nyumba isiyo na mwanamume haiwezi hata kumpokea mgeni, sembuse kulea binti wa kuolewa. Mjomba wetu sisi alikuwa mgonjwa kule Mvumi. Kwa hiyo mama alikuwa peke yake, na jibu lake lilikuwa moja tu: kuwapikia watu wale chakula cha heshima wakashiba. Kama wangekuta ugali na mlenda, posa ingekufa palepale mkekani, na Asteria alimpenda yule kijana.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita kijijini kikasafisha mabanda. Kwetu alibaki jogoo mmoja, tukamfungia ndani kama mwali. Alfajiri ya siku ya wageni tukamkuta amelala, shingo imepinda.

Asteria alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa akaanza kulia.

"Utalia baadaye," mama akamwambia. "Sasa hivi nataka kuni."

"Kuni za kupikia nini, mama?"

Mama alichukua jembe, akaliweka, akachukua ungo, akauweka. Nilipomwona mama yangu anashika vitu na kuviacha hivyo, nikanyanyua tenga lake la sokoni nikatoka. Sikumwambia mtu ninakokwenda.

Nilikuwa nakwenda dimbwini. Wewe umezaliwa wakati wa bomba, mwanangu, ngoja nikueleze. Masika mto hufurika ukaingia mashambani, na samaki huingia nao, wakatembea kati ya mahindi kama wageni wa sikukuu. Maji yakirudi, hayarudi yote. Penye kona ya zamani ya mto hubaki dimbwi, na waliochelewa kuondoka hubaki humo: perege kidogo, na kambale. Kiangazi kikizidi, perege huisha. Kambale hudumu. Dimbwi letu lilikuwa chini ya mikuyu, limezungukwa na matete, maji yakifika gotini, pengine juu kidogo ya goti, rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa haba. Halikuwa na mamba, maana lilikuwa mbali na mto wenyewe na wachungaji walilijua. Hilo ni la kuuliza kwanza, kabla hujavua viatu. Na maji yenye konokono wengi yaache, kichocho hakina huruma. Na ukiwa upande wa Mikumi, ukauona mpaka wa hifadhi, geuka, hata kama samaki wanakuita kwa jina.

Niliingia mbio. Nilikikimbiza kila kilichotikisika, nikilitupa tenga huku na huku kama mtu anayefukuza bata shambani. Dimbwi likawa uji wa ulezi. Niliinua tenga likiwa na matope, nikaliinua tena likiwa na majani, na mara ya mwisho likaja na chura ambaye hakuwa na haraka ya kutoka. Kambale wote walikuwa wamekwisha kuingia chini ya mizizi ya mikuyu, ambako mkono wa mtu haufiki. Ndege mmoja, mdiria, alikaa juu ya tete akinitazama, mdomo wake mrefu umeinama, kama mwalimu aliyekata tamaa.

Nikatoka. Kando ya njia ulikuwa umeota utupa. Huujui? Ni kichaka cha kawaida, majani membamba, maua ya zambarau, mtu hupita bila kukitazama. Lakini ukiyaponda majani yake ukayatia kwenye maji yaliyosimama, samaki hulewa, wakaelea matumbo juu, wakubwa kwa vitoto. Nikayachuma majani kwa pupa mpaka yakajaa kifuani. Nilikuwa natafuta jiwe la kupondea nilipoisikia fimbo ya bibi ikija njiani, kisha bibi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Naona umechuma mboga."

"Si mboga, bibi. Ni utupa."

"Ahaa. Kumbe wageni wako wanakuja leo tu."

Sikumwelewa. "Ndiyo, wanakuja leo. Mchana."

"Na wakishampenda dada yako hawarudi tena? Hawaji kuleta mahari? Hawaji kumtazama mtoto? Basi ponda, mke mwenzangu, ponda yalainike. Tuwalishe leo, kesho tuwafungie mlango."

Akakaa kwenye mzizi wa mkuyu kwa kujishusha taratibu, akanyoosha mguu mbovu, akatoa kopo la ugoro. Hakunifokea. Alinusa, akapiga chafya, akaniombea mimi baraka badala ya kujiombea yeye, kisha akatazama maji. Wahenga walisema, mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Anayehama kambi asiichafue, pengine atairudia. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo shuleni nikaijibu vizuri nikasifiwa. Siku ile ndiyo niliyoijua. Nikaifungua mikono, majani yakaanguka miguuni.

"Sasa lete hilo tenga," bibi akasema. "Na panga hili hapa. Kata kitako."

"Bibi, mama hulitumia kupelekea nyanya gulioni."

"Nyanya hazijawahi kumwoza mtu. Kata."

Nikakata. Tenga la kwetu ni jembamba juu na pana chini, limesukwa kwa fito. Ukiliondoa kitako, linakuwa kama mnara usio na sakafu wala paa: chini mdomo mpana wa kumfunika samaki, juu tundu la kupitishia mkono. Hiyo ndiyo zana yote, mwanangu. Kama huna tenga, ndoo kuukuu iliyotoka kitako inafaa, hata kapu la ukindu lenye kuta ngumu. Zana ni jambo dogo.

"Ingia," akasema. "Polepole. Usiinue mguu, uburute."

Nikaingia mpaka katikati. "Sasa nifanye nini?"

"Simama."

"Halafu?"

"Halafu uendelee kusimama."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka maji yakusahau."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikasimama. Kwanza niliwaza wageni, kama wameshashuka kwenye basi pale Kilosa, kama wameshapata baiskeli. Niliwaza mama na lile jembe. Inzi alitua shavuni nikamfukuza, na bibi akasema kwa sauti ya chini, "Umejikumbusha tena. Anza upya." Nikaanza upya. Inzi akarudi, nikamwacha atembee.

Sijui nikueleze vipi kilichofuata. Tope lilianza kutuama. Lilishuka taratibu kando ya miguu yangu kama usingizi unavyomshukia mtoto, na maji yakaanza kuonyesha mbingu. Nikaona mawingu chini ya magoti yangu, meupe, yakielekea milima ya Mikumi, na kereng'ende mwekundu akitua juu ya wingu moja. Nikawa sijui tena kama natazama chini au juu. Jua lilipenya majani ya mkuyu likaangusha sarafu za mwanga juu ya maji, zikicheza, zikififia. Mbali sana njiwa alikuwa akilia neno lilelile. Vitu vidogo vikaja kunigusa vifundoni, vikanionja, vikaondoka, na kila vilipoondoka nilijihisi nimepungua kidogo. Nilikuwa nusu msichana na nusu mti. Mpaka leo, usingizi ukikataa kunijia, hurudi pale, nikasimama katika maji yale, nikangoja.

Ndipo duara dogo likafunguka juu ya maji, mbele yangu kidogo. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayebusu kiganja cha mkono.

Kambale, mwanangu, hakuumbwa kama perege. Ana pumzi ya samaki na ana pumzi nyingine kama ya mtu. Maji yakichoka, hana budi kupanda juu, avute hewa, ashuke. Anajificha vizuri kuliko samaki wote, lakini pumzi humtoa. Wewe huna haja ya kumtafuta. Kazi yako ni kuwepo pale anapokuja.

Nikalishusha tenga juu ya duara. Tupu.

"Umekifunika kivuli chake," bibi akasema. "Akishavuta pumzi, anashuka kichwa mbele. Liweke mbele ya duara, alikoelekeza uso. Na usilipige kofi maji. Lishushe kama unavyomfunika mtoto aliyelala."

Duara la pili lilinikuta naota, likanipita. La tatu nikalishusha tenga mbele yake, nikalikandamiza mpaka mdomo wake ukazama topeni. Kimya. Kisha, ndani ya tenga, kitu kikagonga fito. Kikagonga tena.

"Anapiga hodi!" nikasema.

"Mwitikie basi. Tia mkono."

Mkono ulikataa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama kuingiza mkono mahali usipopaona, penye kitu kinachogonga, si jambo la mchezo. Nikautia. Kikateleza, kikazunguka, kikanichoma, maana kambale ana miiba miwili, mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Nikapiga yowe.

"Kakusalimia?" bibi akauliza, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mshike kwa nyuma, shingoni, vidole viwe nyuma ya miiba. Na usimkabe kwa woga, mshike kama unamaanisha."

Nikamtoa. Alikuwa mdogo, kama kiganja.

"Huyo bado ananyonya. Mrudishe kwa mama yake."

Nikamrudisha. Mara hii sikuhitaji kuambiwa nisimame. Asubuhi ikaendelea kutiririka, na katika kutiririka kwake nikawapata kambale wanne wa kadiri, urefu wa mkono wa mtoto. Bibi aliwatunga kwenye kamba ya katani akawalaza kwenye majani mabichi. Wanne wa kadiri, kwa wageni saba na wenyeji. Niliwagawa akilini mara nyingi, na kila mara kipande kilikuwa kidogo.

Kisha likafunguka duara ambalo halikuwa duara, lilikuwa sahani. Nikashusha tenga. Hakupiga hodi huyu. Alilisukuma, taratibu, kama mtu mzima anayesogeza kiti, na tenga likanitembeza majini hatua kadhaa kabla sijalilalia kwa tumbo. Nikatia mkono, na kiganja changu hakikuweza kumzunguka. Mgongo wake ulikuwa mpana na laini kama jiwe la kunolea. Huyu peke yake angelijaza sufuria. Huyu angemnyamazisha mjomba wa Msowero.

"Bibi! Nimempata! Nimempata mkubwa wao!"

Bibi alikuwa amesimama. Tangu tulipofika hakuwa amesimama.

"Mwache."

"Bibi, huyu anatosha wageni wote."

"Naona."

"Dada ataachwa! Mama ataaibika!"

"Sikiliza, mke mwenzangu. Huyo ndiye mwenye nyumba. Maji yakizidi kupungua, yeye ndiye anayechimba tope, na wadogo hulala katika shimo lake. Masika mto ukija kuwachukua, yeye ndiye anayezaa wa mwaka ujao. Mimi niliolewa hapa nikamkuta mama mkwe wangu anamwacha mwenye nyumba, naye alimkuta mama mkwe wake hivyohivyo. Kamata wote unaowaweza, ila mkubwa kuliko wote ni wa dimbwi. Ukimla mwenye nyumba, umeila na nyumba."

Nilimshikilia bado. Nataka ujue hivyo, mwanangu, kwamba mkono haukuachia kwa sababu ya maneno mazuri. Nilimwona Asteria juu ya kinu, niliuona uso wa mama. Nililia, machozi yakadondoka ndani ya tenga. Kisha nikauchomoa mkono, nikaliinua tenga.

Hakukimbia. Alibaki pale kidogo, kama mtu anayetafuta fimbo yake kabla ya kuaga. Sharubu zake zikapita juu ya mguu wangu, laini, moja baada ya nyingine. Halafu akashuka, na mawingu yakajifunga juu yake.

Nyumbani mama aliwapokea wale samaki. Alilitazama tenga, akalinyanyua, akanitazama kupitia tunduni.

"Na hili?"

"Ni bibi."

"Bibi yako!" Lakini alikuwa amekwisha kuanza kucheka, na tayari anapuliza moto. Aliwabanika kwanza mpaka ngozi ikawa ya dhahabu, akawaweka kwenye mchuzi wa karanga mzito, akafanya mchuzi uwe mwingi na vipande viwe vya heshima, si vikubwa. Asteria alisonga ugali akiwa ameosha uso.

Wageni wakaja. Yule mjomba alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache, na alitazama paa letu kabla ya kututazama sisi. Tukapiga magoti tukaamkia, tukanawisha mikono, tukatenga chakula. Alikula tonge la kwanza. Alikula la pili. Mama alisimama nyuma ya mlango wa jiko, amejishika khanga.

"Kambale hawa wametoka wapi?" mjomba akauliza. "Mto tumeuvuka sasa hivi, hauna hata chura."

Bibi, aliyekaa pembeni, akamjibu kama hakuulizwa jambo kubwa. "Kwenye dimbwi letu."

"Nani aliyevua? Nimesikia hapa hakuna mwanamume."

"Huyo binti mdogo unayemwona. Kwa tenga bovu. Mwanamume angekuwepo angelitaka nyavu."

Wageni wakacheka, na mjomba akajaribu asicheke. Akakigeuza kipande mkononi. "Nimekulia kwenye madimbwi, mama. Penye kambale wa kadiri hii huwa pana mkubwa wao. Mkubwa mmemweka wapi? Au mnamla wenyewe jikoni?"

Utani ule ulikuwa na mwiba, na kila mtu aliuona.

"Tumemrudisha," bibi akasema. "Muulize huyu. Alimshika kwa mkono wake akamwachia, na bado anamlilia."

Mjomba akanitazama. Macho yangu yalikuwa mekundu kweli. Akakirudisha kipande sahanini.

"Siku ya wageni," akasema, "mkamwachia mkubwa."

"Siku ya wageni," bibi akaitikia.

Akanawa mkono, ingawa chakula kilikuwepo bado. "Nilikuja na maneno mengine mdomoni," akasema, akigeukia mlango wa jiko ili mama asikie. "Mchuzi wako umeyateremsha, mama. Nyumba inayojua kubakiza hata ikiwa na shida, binti yake atajua kutunza ya kwetu. Tupeni huyu mtoto." Kisha akaliminya tonge jingine, akaendelea kula.

Asteria aliolewa Msowero, akazeeka huko kwa furaha.

Siku hizi, mwanangu, nawaona vijana wakishona vyandarua vya mbu, wakavikokota dimbwini kutoka ukingo mpaka ukingo, wakatoka na vitoto vya samaki visivyojaza kijiko. Siwalaumu sana. Njaa ni mwalimu mkali, na hawakuwa na mtu wa kukaa kwenye mzizi na kuwaambia wasimame. Wewe unaye. Kwa hiyo nakuusia waziwazi: usiogope kuwa na zana duni, maana anayejua tabia ya anachokitafuta hahitaji zana nyingi. Usikipige mbio kila unachokitamani, iwe samaki, kazi au mchumba. Vingine hupanda vyenyewe juu kuvuta pumzi, na humkuta aliyetulia. Na siku ya shida yako kubwa, siku hiyo hasa, bakiza. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kubakiza wakati wa neema kila mtu anaweza.

Mungu akupe macho ya kuliona duara kabla halijafungika. Akupe mkono usiotetemeka gizani, na moyo wa kuufungua mkono huo inapobidi. Akujalie wageni wengi, na kila wakija wakukute na kitu.

Sasa nenda, jua halijawa kali. Ukishaingia majini, simama bila kutikisika mpaka usijue tena mguu wako unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Hapo ndipo ushushe tenga.